Kwa nini wanaoandika programu vizuri wanaanguka kwenye aljebra ya mstari?

Binti_wa_Arua

Hamjambo ndugu zangu. Nasoma sayansi ya kompyuta, mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Kampala. Kwetu ni Arua. Matokeo ya semesta yametoka, na wenye ritake (kurudia mtihani) ya aljebra ya mstari, somo la vekta na matriki, ni wengi kuliko wa somo jingine lolote. Humo wamo watu ambao darasa zima tunawategemea. Yupo kijana mmoja anakaa hosteli za Kikoni. Ukimpelekea programu iliyokwama saa nne za usiku, hatalala mpaka ifanye kazi. Naye yumo.

Tulijiandaa naye kwa mtihani huo. Kuzidisha matriki, yale majedwali ya namba, anajua. Kutafuta kinyume cha matriki ya 3 kwa 3 anajua, tena bila kuchanganya alama za kutoa. Siku yenyewe likaja swali: onyesha kwamba seti ifuatayo ni nafasi ndogo ya R⁴, kisha tafuta besi yake. (R⁴ ni vekta zote zenye namba nne; nafasi ndogo ni seti ndani yake ambayo ukijumlisha vekta zake au kuzidisha kwa namba hutoki nje; besi ni vekta chache zinazojitegemea ambazo zikichanganywa zinatoa nyingine zote.) Aliniambia hakujua hata neno la kwanza aandike nini.

Wapo wanaosema ni kwa sababu wengi wetu tulikuja na Sub-Math, hisabati ndogo ya A-level, badala ya hisabati kama somo kuu. Lakini huyu alisoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) na akapata A ya hisabati S6, yaani kidato cha sita. Wengine wanalaumu kasi ya mhadhiri. Mimi ndiye kiongozi wa darasa, na likizo hii tunataka kukaa pamoja na wenye ritake. Naomba wanaofundisha somo hili, au wanaolitumia kazini, waniambie tatizo hasa liko wapi, na sisi tuanzie wapi.

Msahihishaji

Dada, umeuliza swali ninaloishi nalo. Mimi ni mwalimu msaidizi, nasimamia mazoezi ya somo hili na kusahihisha karatasi zake. Jibu langu ni refu, nivumilie.

Nianze na karatasi. Kuna swali tunalopenda kuuliza: je, vekta hizi tatu za R⁴ zinajitegemea: (1, 0, 0, 1), (0, 1, 0, 1) na (0, 0, 1, 1)? Ukizitazama kwa utulivu, jibu liko wazi. Katika nafasi tatu za mwanzo kila vekta ina 1 mahali ambapo wenzake wana 0, kwa hiyo hakuna inayoweza kupatikana kwa kuchanganya zile nyingine. Zinajitegemea, basi.

Sasa tazama kinachoandikwa. Mwanafunzi anazipanga vekta kama milalo mitatu, anapata matriki ya 3 kwa 4. Kichwani ana kanuni kwamba kujitegemea hupimwa kwa determinanti, namba moja inayokokotolewa kutoka kwenye matriki (ikiwa 0, vekta hazijitegemei), na determinanti inataka matriki ya mraba. Anaongeza mlalo wa nne wenye sifuri tupu ili mraba upatikane. Anakokotoa, hatua kwa hatua, kwa mwandiko safi. Anapata 0. Anaandika kwamba hazijitegemei, na anapiga mistari miwili chini ya jibu kwa rula. Hakuna kosa la hesabu hata moja katika ukurasa ule. Na karatasi za namna hiyo zinatoka kwa watu waliokaa kona tofauti za ukumbi, hawajaigana.

Huyo kanuni anaijua vizuri kabisa. Asichokijua ni kanuni ile inajibu swali gani, na mlalo alioubuni mwenyewe umebadilisha nini. Mimi naamini hapo ndipo tatizo lilipo. Somo linaanza kama ukokotoaji: tatua, zidisha, tafuta kinyume. Linakwenda hivyo wiki nyingi, watu wanapata alama nzuri za majaribio, wanatulia. Halafu maswali yanabadilika: onyesha, thibitisha, toa mfano au eleza kwa nini mfano haupo. Ni somo jingine sasa, chini ya jina lilelile, na hakuna aliyesimama mbele ya darasa kusema kwamba limebadilika.

Msidhani ni jambo la Uganda peke yake. Mwaka 1993 David Carlson, aliyefundisha hisabati San Diego huko Marekani, aliandika kwamba wanafunzi wake walikwenda vizuri kwenye milinganyo na kuzidisha matriki, lakini walipofika kwenye nafasi ndogo, kuzalisha (kupata vekta zote kwa kuchanganya chache) na kujitegemea, ni kama ukungu mzito uliwafunika. Mada zilezile tatu, dada, na hao hawakuwa na Sub-Math.

Wala haishangazi ukiangalia historia. Njia ya kuondoa vigeu tunayoiita ya Gauss ilikuwa ikitumika China karne nyingi kabla Gauss hajazaliwa. Hermann Grassmann alichapisha mawazo ya kujitegemea na dimensheni (idadi ya vekta za besi) mwaka 1844, na wanahisabati wa wakati wake karibu wote hawakumjali. Fasili ya nafasi ya vekta inayofanana na ya leo ilisubiri mpaka Giuseppe Peano alipoiandika mwaka 1888. Kutoka kujua kukokotoa hadi kujua unakokotoa ndani ya kitu gani, vizazi na vizazi vilipita. Sisi tunawavusha watu hapo kati ya Jumatatu na Alhamisi, kisha tunashangaa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mwanafunzi wa kompyuta wa Uganda ana karibu kila kitu anachohitaji, ila hakuna anayemwonyesha kwamba anacho.

Mnakumbuka matriki za mageuzo za O-level? Mwalimu alichora mraba ubaoni, akaandika I(1, 0) na J(0, 1). Akauliza: tukizungusha nyuzi 90 kinyume cha saa, I inakwenda wapi? Inakwenda (0, 1). Na J? Inakwenda (−1, 0). Andika ya kwanza iwe safu wima ya kwanza, ya pili iwe safu wima ya pili, matriki imekamilika. Pale darasani, akiwa na sare na kaptula, mtoto alikuwa ameshika kiini cha somo zima: matriki inakuambia besi inakwenda wapi, na ukishajua besi inakwenda wapi, unajua kila nukta inakwenda wapi. Hata determinanti aliijua kama kizidishi cha eneo. Ikiwa 0, mraba mzima umebanwa ukawa mstari au nukta, nukta nyingi zimeangukia mahali pamoja, na huwezi tena kujua kila moja ilitoka wapi. Ndiyo maana matriki hiyo haina kinyume. Mambo haya alifundishwa! Halafu miaka miwili ya A-level inapita, na chuoni matriki inamrudia kama jedwali la namba la kukokotolewa, I na J hawatajwi tena.

La pili ni fanksheni. Mwanafunzi wa kompyuta anaandika fanksheni kila siku. Matriki ni fanksheni: inapokea vekta, inatoa vekta. Kuzidisha matriki ni kuita fanksheni ndani ya fanksheni, na katika BA inayoanza kazi ni A, kama vile katika f(g(x)) anayeanza ni g. Mwambie hivyo mtu anayeandika programu, hatakuuliza tena kwa nini AB si lazima iwe sawa na BA. Anajua kwamba kubana faili kisha kulisimba (kulifanya siri) hakutoi kitu kilekile na kulisimba kisha kulibana.

Na nafasi ya vekta, ambayo wengi wanaiona kama orodha ya sheria za kukariri, ni intafesi, yaani orodha ya mambo ambayo kitu lazima kiweze kufanya. Haikuulizi ndani umeweka nini. Inataka vitu viwili vya aina yako viweze kujumlishwa, kimoja kiweze kuzidishwa kwa namba, matokeo yabaki ya aina ileile, na sheria chache za kawaida za hesabu zitimie. Namba nne kwenye mabano zinafaa. Polinomia zinafaa. Sauti iliyorekodiwa inafaa, picha inafaa. Mtu aliyeandika programu yenye intafesi moja na utekelezaji mwingi ameshaelewa wazo hili kwa vidole vyake.

Kuna tofauti moja ambayo lazima isemwe waziwazi, maana wazuri wa programu hujikwaa hapo. Programu unaijaribu kwa mifano, na ikipita mifano mingi unairuhusu iende kazini. Hisabati haikubali hivyo. Ukitakiwa kuonyesha kwamba seti imefungwa kwa kujumlisha, ukichukua vekta mbili zenye namba na kuona jumla imo, hujaonyesha kitu. Unatumia herufi ili hoja moja iwahusu wote kwa mpigo. Kijana wako wa Kikoni, nadhani, hajawahi kuambiwa hilo na mtu aliyekaa pembeni yake na kalamu.

Nimalizie na jambo ambalo ningependa liulizwe kwenye mtihani wa kompyuta kila mwaka. Tunawafundisha determinanti kwa kupanua mlalo mmoja baada ya mwingine. Chukua matriki ya 20 kwa 20. Kwa njia hiyo vipo vipande 20! (20 × 19 × … × 1) vya kujumlisha, yaani 2,432,902,008,176,640,000. Kompyuta inayozidisha mara bilioni moja kwa sekunde, hata tukiihesabia kuzidisha kumoja tu kwa kila kipande, itafanya kazi zaidi ya miaka 77. Kwa njia ya Gauss ya kuondoa, matriki hiyohiyo inahitaji kuzidisha kama mara 2,700. Hapo kuna somo zima la algorithimu, na wanafunzi wa algorithimu wamekaa mbele yetu, sisi tunawakokotolesha 3 kwa 3 kwa mkono mpaka kengele inalia.

Mwalimu_wa_Kasese

Mwalimu mwenzangu, nimekusoma kwa heshima na mengi nakubali, lakini hesabu nazo usiziache zipite hivihivi. Nafundisha hisabati S5 na S6 huku Kasese. Wapo vijana wanaokwenda vyuoni wakiwa dhaifu kwenye sehemu (kama ½) na alama za kutoa, na aljebra ya mstari haina huruma na hilo. Kwa njia ile ya Gauss anapunguza milalo ya matriki ya 3 kwa 4, kwenye hatua ya pili anaandika −3 badala ya 3, na tangu hapo kila kitu kinachofuata ni kibaya. Anaishia na 0 = 7, anaandika kwamba milinganyo haina jibu. Utamfundisha intafesi mpaka jioni, huyo bado ataanguka.

Na Sub-Math isichukuliwe kama kisingizio cha wavivu. Mwenye somo kuu anafanya karatasi mbili za UNEB, baraza la mitihani, wa Sub-Math anafanya moja, na vipindi vyake kwa wiki ni vichache mno. Hao wawili mnawaweka kwenye ukumbi mmoja mwaka wa kwanza na kuanza ukurasa uleule.

Jambo moja umenigusa. Wanafunzi wangu wa somo kuu wanatafuta mahali bapa mbili zinapokutana, wanaandika mlinganyo wa mstari, wanapata alama zao zote. Sijawahi kuwaambia kwamba mstari ule ndio seti nzima ya majibu ya milinganyo miwili yenye vigeu vitatu. Kitabu hakisemi na mtihani hauulizi. Muhula ujao nitaanza kusema.

Fundi_wa_Data

Niko upande wa kazi, nashughulika na picha za mazao. Nitasema machache.

Mwaka 2020 yaliwekwa wazi kwa mashindano ya kimataifa majani ya mihogo kutoka Uganda: picha 21,367, nyingi zimepigwa na wakulima mashambani, zikaainishwa na wataalamu wa kituo cha utafiti wa mazao cha Namulonge wakishirikiana na maabara ya akili bandia ya Makerere. Makundi matano: magonjwa manne na jani lisilo na ugonjwa. Picha moja ya 800 kwa 600 yenye rangi tatu ni namba 1,440,000. Hiyo ni vekta moja. Ndani ya mtandao wa neva, programu inayojifunza kwa mifano kutofautisha magonjwa kama batobato na michirizi ya kahawia, kazi kubwa ni kuzidisha matriki, kuongeza, kuzidisha tena. Kwa hiyo atakayekuambia mwandishi wa programu hahitaji somo hili, mwonyeshe jani la muhogo.

Tatizo ninaloliona kwa vijana wanaokuja kujifunza kazi kwetu ni mpangilio. Aljebra ya mstari wameisoma mwaka wa kwanza, bila kompyuta mezani. Ujifunzaji wa mashine wanaukuta mwaka wa tatu. Katikati hakuna kilichowalazimisha kuikumbuka, wanafika kwetu wakijua kwamba kuna kitu kinaitwa ranki (idadi ya milalo ya matriki inayojitegemea) na hawajui ranki ni ya nini.

Dada, kwenye kikundi chenu chukueni picha moja ya jani, muifanye nyeusi na nyeupe, 600 kwa 800. Ni namba 480,000. Kwa lugha ya Python na maktaba yake ya NumPy igaweni kwa njia ya thamani singula (SVD), inayotoa vipande kuanzia kikubwa hadi kidogo, mbakize vipande 50 vikubwa; idadi hiyo ndiyo ranki ya picha iliyobaki. Mnahifadhi namba 70,050 tu: 50 mara (600 + 800 + 1). Irudisheni picha muitazame. Kisha bakizeni 20, kisha 5. Mtakapoona madoa ya ugonjwa yanaanza kupotea, mtajua ranki inabeba nini, na hakuna atakayewauliza tena kwa nini mnaisoma.

Binti_wa_Arua

Asanteni sana wakubwa. Nimemsomea yule kijana ile karatasi ya mlalo wa sifuri, akanyamaza, kisha akasema naye angefanya hivyohivyo. Mwalimu Msahihishaji, wengine kwenye kikundi walipitia diploma, hizo I na J wamezisahau kabisa. Kikao cha kwanza tufanye nini hasa? Tuna ubao mmoja na laptopu chache, na umeme wa hosteli mnaujua.

Msahihishaji

Ubao unatosha, laptopu ziacheni kikao cha pili na jani la ndugu yetu Fundi.

Saa ya kwanza chora I na J. Kila mtu aje ubaoni na mageuzo yake: kuakisi kwenye mhimili wa x, kukuza mara mbili, kubana kila kitu kiangukie mhimili wa x. Aandike matriki bila kukumbuka kanuni yoyote, kwa kuuliza tu I inakwenda wapi, J inakwenda wapi. Waliosahau watakumbuka humohumo. Matriki ya kubana ikifika, waulizeni kinyume chake ni kipi, muwaache wabishane.

Baada ya hapo andikeni seti mbili za R⁴ kando kwa kando. Ya kwanza: zote zenye x + y + z + w = 0. Ya pili: zote zenye x + y + z + w = 1. Msiguse fasili kwanza. Chukueni vekta mbili za seti ya pili mzijumlishe: jumla ya namba zake inakuwa 2, mmetoka nje. Kwenye seti ya kwanza 0 na 0 ni 0, mmebaki ndani. Hilo likishaeleweka, mmoja aliandike kwa herufi, na wengine wamzuie kila anapoweka namba. Besi itajitokeza yenyewe: chagua x, y na z unavyotaka, w inalazimika kuwa −x − y − z. Kwa hiyo (1, 0, 0, −1), (0, 1, 0, −1), (0, 0, 1, −1). Vigeu vitatu viko huru, dimensheni ni 3. Muulizeni yule kijana angeandikaje fanksheni inayopokea x, y, z na kurudisha kila mwanachama wa seti hiyo. Ataiandika kwa dakika moja, na ndiyo besi aliyoiandika.

Mzee wa Kasese ana haki yake kwenye hesabu, nami sikumpa nafasi ya kutosha pale juu. Kila jibu la milinganyo lirudishwe kwenye milinganyo ya mwanzo kabla ya kwenda mbele; anayepata 0 = 7 aanze kwa kukagua alama zake, siyo kwa kuandika kwamba jibu halipo. Mazoezi ya kupunguza milalo yawe na namba nzima kwanza, sehemu zije baadaye. Mkikwama popote andikeni hapahapa, mniwekee picha ya ubao kama ulivyo, msifute.